Mjusi wa Tendaguru Yuko Berlin, Sisi Tuko Wapi?

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya mali ya Waafrika iliyobebwa na wakoloni, twasikia habari za shaba za Benin, na hapa kwetu habari za Ngadji, ile ngoma ya Wapokomo ambayo hadi leo imo katika jumba la makumbusho mjini London. Ni haki zisikike. Lakini kuna shehena nyingine iliyoondoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, tena shehena nzito kweli kweli, na kwa kuwa haikuchongwa na mkono wa binadamu, wengi wetu hatuihesabu kuwa ni mali. Nasema habari za mifupa ya Tendaguru.

Tendaguru ni kilima kilicho kusini mwa Tanzania, bara ya mji wa Lindi. Mpagazi wa zamani aliyebeba mzigo kichwani alihesabu siku nne kutoka kilimani hadi bandarini. Mtu asiyejua akipita hapo leo ataona kichaka, nyasi na vijia vya watu wanaokwenda mashambani, wala hatakuwa na sababu ya kusimama. Lakini wataalamu wa mambo ya viumbe wa kale wanalijua jina hilo duniani kote, kuanzia Marekani hadi Uchina, kama sisi tunavyoyajua majina ya Lamu na Kilwa. Ni mojawapo ya mahali mashuhuri kupita pote katika Afrika palipochimbwa mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa jamii ya mijusi waliotembea duniani na kutoweka kabla binadamu hajawazwa. Ndugu zetu wa Tanzania huwaita kwa ufupi “mjusi”, nami nitafuata desturi yao.

Mjusi huyo mwenyewe nilimwona Berlin, katika jumba lao la makumbusho ya viumbe lililoko barabara ya Invalidenstraße.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1889, wakati Wajerumani walipokuwa wakimpiga vita Abushiri bin Salim huku Pangani. Ndani yake kumewekwa vitu vinavyokadiriwa kufika milioni 30: wadudu waliochomwa kwa pini, ndege waliojazwa pamba, mawe, vimondo vilivyoanguka kutoka mbinguni, ngozi, pembe, mayai. Mtu anayedhani makumbusho ni chumba chenye mikuki ukutani na mlinzi anayesinzia, basi akifika pale atashika kichwa. Sehemu kubwa ya vitu hivyo haionyeshwi kamwe kwa wageni. Imo katika makabati na maghala, na watu wa elimu kutoka kila nchi huenda kuitazama na kuipima.

Ukiisha kununua tikiti unaingia moja kwa moja katika ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, na hapo ndipo anaposimama. Kimo chake ni mita 13.27, yaani kama nyumba ya ghorofa nne. Hakuna mifupa mingine ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomfikia kwa urefu wa kwenda juu. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, na shingo inapanda kama ya twiga, ndiyo maana jina analoitwa sasa na wataalamu ni Giraffatitan. Nilisimama chini ya kifua chake nikahesabu mbavu. Mkono wangu ulionekana kama ukuti kando ya mfupa wa paja lake. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na jambo lililonifurahisha ni kwamba hata siku hizo upande ule ulikuwa pwani: kati ya tabaka za udongo zenye mifupa kuna tabaka nyingine zenye makombe na viumbe vya baharini. Kwa hiyo mjusi wetu naye alikuwa mtu wa pwani.

Yafaa pia msomaji ajue kwamba huyu aliyesimama si mifupa ya mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mmoja, lakini palipopungua pameungwa kwa mifupa ya wengine waliochimbwa pale pale, na kichwa kilichoko juu ni cha kuigiza, kwa maana kile cha kweli huhifadhiwa chini. Mara ya kwanza alisimamishwa mwaka 1937, na picha za siku zile zinaonyesha bendera za Hitler zimetundikwa nyuma yake. Siku hizo walimsimamisha amepinda viwiko kama kenge na mkia ukiburura chini. Elimu ilipoendelea wakaona wamekosea, wakambomoa, wakamjenga upya, na tangu mwaka 2007 anasimama miguu imenyooka na mkia umeinuliwa. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba yaliyoandikwa na wazungu kuhusu mambo ya kale ni msahafu. Wenyewe hawaoni haya kuvunja na kuanza tena.

Kando ya mjusi kuna vyombo mfano wa darubini. Ukitazama kwa kimoja, mifupa inaanza kuvaa misuli, kisha ngozi, kisha mnyama anatembea na kula majani. Watoto wa shule walikuwa wamepanga foleni, wanasukumana, kila mmoja anataka zamu yake. Mwalimu wao aliwanyamazisha mara tatu na mara tatu wakaanza tena. Niliwatazama kwa wivu, wala sifichi. Mtoto wa Berlin wa miaka saba amewahi kumgusa macho mnyama wa Lindi, na mtoto wa Lindi wa miaka saba hajapata kumwona hata katika picha ya kitabu cha darasani.

Aliyenipeleka ni mzee mmoja Mtanzania aliyekaa nchi ile miaka mingi. Nilimwuliza, “Mzee, wewe ukija hapa wajisikiaje?” Akacheka, akasema, “Mwanangu, mimi huja wakati wa baridi, maana humu ndani kuna joto. Namwamkia huyu bwana, namwambia sisi wawili tumechelewa sana kurudi nyumbani.” Tulicheka sote, kisha tukanyamaza kidogo.

Kuna mengine ya kuona pale, nami sitayasimulia yote. Wana kile kisukuku mashuhuri cha Archaeopteryx, kiumbe nusu mjusi nusu ndege, chenye alama za manyoya zilizochapwa juu ya jiwe kama mtu aliyezichora kwa kalamu. Wana sokwe mkubwa aitwaye Bobby, aliyefia katika bustani ya wanyama ya Berlin mwaka 1935 akakaushwa kwa ustadi hata utadhani atakuamkia. Tena kuna chumba kirefu cha vioo chenye chupa 276,000 za pombe, ndani yake samaki, nyoka, kaa, popo, wote wameelea kimya kwenye mwanga wa manjano. Mimi sikukaa sana katika chumba hicho. Samaki nawapenda wakiwa kwenye nazi.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Mifupa hii ilifikaje huko?

Vitabu vingi husema kwamba “iligunduliwa” mwaka 1906 na mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini. Neno hilo kugundua tulisome kwa uangalifu, maana ndilo lile lile linalosema ziwa Nyanza liligunduliwa na Speke. Mifupa ile ilikuwa imetokeza nje ya ardhi, mingine mikubwa kama magogo, na wenyeji wakilima na kupita kando yake miaka nenda miaka rudi. Waliijua kuwa ipo. Ambacho hawakuwa nacho ni meli ya kuipakia na ofisi ya kuandika barua Berlin.

Tuutazame na mwaka huo wenyewe. Mwaka 1906 nchi ya kusini ilikuwa katikati ya vita vya Maji Maji. Wangindo, Wamatumbi, Wamwera, Wangoni na wengine waliinuka mwaka 1905 kupinga kodi, kazi ya kulazimishwa na mashamba ya pamba, na serikali ya Kijerumani ikawajibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma vijiji na maghala ya nafaka ili njaa imalize kazi. Makadirio ya waliokufa hufika watu 300,000. Nchi ilikuwa haijapoa moto wa vita hivyo wakati mtaalamu wa kwanza, Eberhard Fraas, alipofika Tendaguru mwaka 1907 kuthibitisha kwamba mifupa ile ni ya dinosaria. Na msafara mkubwa kutoka jumba la Berlin ulipoanza kazi mwaka 1909, ulianza katika nchi ya watu waliofiwa na wenye njaa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza ardhi ile kuwa ya dola. Kwa kalamu hiyo moja na mifupa iliyomo ardhini ikawa yao.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mifupa ilichukuliwa kisheria, mimi sibishi. Namwuliza tu, sheria ya nani?

Kazi ilidumu hadi mwaka 1913. Wakuu wake walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwisho akaja Hans Reck. Hao walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliochimba walikuwa Waafrika, na katika mwaka mmoja walifika karibu 500, wengine wakiwa na wake na watoto, hata kilima kikawa kijiji kizima. Wao ndio waliofungua mashimo kwa majembe, wakaikwangua mifupa kwa visu, wakaifunga kwa udongo na vipande vya mianzi ili isivunjike, wakaitwika. Jumla ya uzito ulizidi tani 200. Hakukuwa na reli wala motokaa. Tani hizo zote zilikwenda Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu, mfupa kwa mfupa, kwa maelfu ya safari za siku nne nne, zikatiwa makashani na kupakiwa meli.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kuna picha yake kando ya mfupa mkubwa, ambayo imechapishwa mara nyingi. Huyu hakuwa kibarua wa kuchukua jembe na kuliweka. Alijifunza kuitambua mifupa, kuisafisha, kuiunga na kuwafundisha wenzake, na Wajerumani wenyewe waliandika kwamba walimtegemea. Kwa lugha ya leo tungemwita fundi wa maabara.

Lakini tazama majina waliyopewa wanyama waliotoka katika mashimo yale. Mjusi mkubwa aliitwa mwaka 1914 kwa jina la Branca, mkurugenzi wa jumba la Berlin. Mwingine akaitwa kwa jina la Bamberg, tajiri aliyechangia fedha. Mwingine kwa jina la Sattler. Aliyetoa mkoba alikumbukwa, na aliyetoa jasho akasahauliwa. Ilipita karibu miaka 100 kabla ya mambo kugeuka kidogo: mwaka 2007 mtaalamu mmoja Mjerumani alipotambua aina mpya kati ya mifupa ile ya zamani, aliiita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Na mwaka 2019 ikaja nyingine, Wamweracaudia keranjei, ambayo imebeba jina la Wamwera na la Mohammadi Keranje, kiongozi mwingine wa wachimbaji. Baadhi ya watu watasema jina ni upepo tu. Mimi sikubali. Jina la kitaalamu likishaandikwa halifutiki, na kila atakayesoma habari za mnyama yule, awe Tokyo au Toronto, itambidi atamke Keranje.

Ndugu msomaji wa Kenya asidhani kwamba haya ni mambo ya Watanzania na Wajerumani peke yao, sisi tukae pembeni tukitafuna karanga. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya vita vya kwanza, jumba la London lilipeleka msafara wake Tendaguru kuanzia mwaka 1924. Kiongozi alikuwa William Cutler, mtu asiyeijua Afrika, na aliyechaguliwa kumwongoza njia alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa akisema Kiswahili na Kikuyu tangu utotoni. Huyo ni Louis Leakey. Kazi yake ya kwanza ya kuchimba mifupa ya kale aliifanyia Tendaguru. Cutler alikufa kwa malaria mwaka 1925, akazikwa Lindi. Leakey akarudi masomoni Cambridge, na mwaka 1931 alikwenda bonde la Olduvai pamoja na Hans Reck, yule yule wa Tendaguru. Kwa hiyo mtu akifuatilia mizizi ya jumba letu la makumbusho pale Nairobi, mzizi mmoja utampeleka mpaka kilima kile cha Lindi.

Tena sisi tuna simba wetu. Wale wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli na kuuawa na Patterson mwaka 1898, wamo mjini Chicago. Patterson aliwatumia kama mazulia ya nyumbani kwake, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba la Field ngozi na mafuvu kwa dola 5,000. Mkenya anayetaka kuwaona simba wa Voi itambidi akate visa.

Nimesikia hoja mbili za kupinga kurudishwa kwa vitu kama hivi, na yafaa nizijibu.

Ya kwanza ni kwamba Afrika haina mahali salama pa kuviweka. Hoja hii hutamkwa kwa upole na uso wa huruma. Basi tuangalie usalama wa huko. Tarehe 3 Februari 1945 mabomu yaliangukia jumba hilo hilo la Berlin na kubomoa upande wake wa mashariki, na magofu yale yalikaa hivyo hadi yalipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2010. Huko Munich ilikuwa vibaya zaidi: dinosaria wa ajabu aliyechimbwa Misri, Spinosaurus, mwenye tanga mgongoni, aliteketea wote usiku mmoja wa Aprili 1944. Wamisri walimpoteza mara mbili. Sisemi kwamba sisi tuna kinga. Jumba la taifa la Brazil liliungua mwaka 2018 na hasara yake haisemeki, na jengo lisilo na mfumo mzuri wa kuzima moto ni kiberiti popote lilipo. Nasema tu kwamba usalama haukuumbwa pamoja na Ulaya.

Na tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota katika kisiwa cha Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa kale sana wa jamii ya nyani. Lilipelekwa London kwa kuazimwa, na likakaa huko kana kwamba lilikuwa zawadi. Wakuu wetu hawakuchoka kulidai, barua za kuonyesha kwamba liliazimwa zikapatikana, na mwaka 1982 fuvu likarudi Kenya. Liko Nairobi, salama salimini. Na lile fuvu la Olduvai la mwaka 1959, lililoitwa Zinj, liliwekwa Nairobi kwanza, na mwaka 1965 likarudishwa Tanzania kwa wenyewe. Hata kati yetu majirani desturi hii ilijulikana mapema. Zaidi ya hayo, katika jumba letu la Nairobi ndimo alimo yule kijana wa Turkana aliyeonekana mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mwenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu, naye hajapungukiwa na jino. Nchi inayomtunza mtoto huyo haiwezi kuambiwa kwamba haijui kutunza mifupa.

Hoja ya pili hutoka kwetu sisi wenyewe, nayo inaniudhi zaidi. Husemwa kwamba wananchi wana shida za maji, barabara na hospitali, mifupa ya mijusi ni ya nini? Mtu anayesema hivi ajiulize kwa nini Berlin, mji uliobomolewa na vita ukabaki vumbi, uliona haja ya kumsimamisha tena mjusi huyu. Ajiulize pia ni watu wangapi wanaokula mkate kwa sababu yake, kuanzia mkata tikiti hadi profesa. Maji na elimu havigombani. Mtoto anayeuliza mfupa huu ni wa nini ndiye atakayeuliza baadaye maji ya kisima hiki yana chumvi kwa nini.

Lakini mgala muue na haki umpe. Wale wataalamu wa Berlin walifanya kazi ya subira ambayo wengi wetu tungeitupa. Janensch alitumia karibu maisha yake yote akisafisha, akipima na kuandika juu ya mifupa ile, akaendelea hata baada ya vita viwili vya dunia. Bila kazi hiyo tungekuwa na lundo la mawe yasiyo na jina. Na katika miaka ya karibuni wenyewe wameanza kuandika waziwazi historia ya ukoloni iliyo nyuma ya mifupa hiyo. Rais wao, Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Lakini nchi hiyo hiyo, mwaka 2011, Berlin iliiandikisha mifupa ya Tendaguru katika orodha ya mali zenye thamani kwa taifa la Ujerumani, ambazo haziwezi kutolewa nje bila ruhusa maalumu. Taifa la Ujerumani! Mtu aombe msamaha kwa kuingia nyumbani kwako usiku, huku akiwa amekwisha kukiandikisha kitanda chako kwa jina lake.

Katika Bunge la Tanzania swali la mjusi limeulizwa mara nyingi, hasa na wabunge wa kusini, na majibu ya serikali mara nyingi yameelekea upande wa kutafuta manufaa na ushirikiano kuliko kudai mifupa irudi. Wako wanaowalaumu. Mimi nawaelewa nusu. Kumvunja mjusi mwenye kimo cha mita 13, kumsafirisha na kumjengea nyumba si kazi ya hotuba. Ajengewe wapi? Nani atamlipa fundi wa kumpangusa vumbi miaka 50 ijayo? Anayedai bila kujibu maswali haya anataka makofi tu. Lakini ushirikiano nao usiwe neno la kufunikia kombe mwanaharamu apite. Ushirikiano ni vijana wa Lindi na Mtwara kupelekwa kusomea kazi hii hadi wawe mabingwa, ni nyumba ya makumbusho kusimama karibu na kilima chenyewe, ni mifupa ambayo Berlin wanayo mingi ya aina moja kuletwa huku ikiwa mifupa ya kweli, si ya plasta. Mjusi mkubwa aliyesimama, kwa maoni yangu, ni wa Tanzania, na siku Tanzania itakaposema iko tayari, pasiwe na mtu Berlin wa kuuliza maswali. Kabla ya siku hiyo, jina la mwenyewe liandikwe mlangoni, na sehemu ya mapato ya mlango huo ifike Lindi.

Sisi Wakenya nasi tujitazame. Pale Nairobi kuna mifupa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Mzee Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974, na umbo lake limesimama uani. Ni wazazi wangapi wanaokaa mjini humo miaka kumi bila kuwapeleka watoto kumwona? Jumamosi hupatikana nafasi ya kwenda kunywa soda na kula kuku, lakini makumbusho huonekana ni mahali pa watalii na safari za shule. Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, alituzwa Washington mwaka 1985 na mkono wake ukashikwa na Rais wa Marekani. Alipofariki mwaka 2022 kuna vijana waliouliza alikuwa nani. Kamoya naye ni Boheti wetu, ila yeye tulikuwa tukiishi naye.

Nimalize kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui. Si mifupa yote ya Tendaguru iliyofunguliwa. Katika maghala ya jumba la Berlin bado yamo mafurushi kadha yaliyofungwa kwa mianzi ya Lindi zaidi ya miaka 100 iliyopita, pamoja na udongo wake, ambayo hayajaguswa tangu yalipotuliwa. Siku hizi wataalamu wanayapiga picha kwa mitambo inayopenya ndani bila kuyafungua, na ndani yake huonekana mifupa. Fundo la kamba lilikazwa na mtu wa Tendaguru, pengine mbele ya macho ya Boheti mwenyewe, na fundo hilo bado limekaza. Hapa hakuna paa la vioo la kuvunjwa wala mjusi wa kubomolewa, na hakuna mtoto wa Berlin atakayenyang'anywa chochote. Ni mizigo iliyofungwa, inayoweza kupakiwa katika ndege moja ya mizigo. Irudishwe, na kamba zile zifunguliwe Dar es Salaam na wanafunzi wa pale, nao Wajerumani wakaribishwe kama wageni waje kutazama.